Mwaka Unaoanza Upya

Wewe mwenye mtoto, isome habari hii ya Yanhong mpaka mwisho, usiishie pale ngozi ya mtoto inapotakata. Yanhong aliishia pale, na ndipo alipokosea.

Yanhong alikuwa akiuza chapati za mayai mbele ya lango la shule ya msingi, katika mji mdogo wa wilaya huko Shandong. Alikuwa na mkokoteni wenye bamba la chuma la duara, na chini yake jiko la gesi. Anamwaga uji mzito wa unga, anautandaza kwa kijiti mpaka unakuwa mwembamba kama kitambaa, anapasua yai juu yake, anapaka sosi ya soya, ananyunyiza majani ya kitunguu, anakunja. Watoto walipanga foleni wakipuliza vidole kwa baridi. Mumewe Deshun alikuwa fundi wa kufunga nondo kule kusini, Guangzhou, na alirudi nyumbani wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina tu. Waliobaki ni Yanhong, mama mkwe wake, na Tingyu, binti yao wa pekee, mtoto wa miaka kumi.

Tingyu alikuwa mruka kamba. Shule nzima hakuna aliyemfikia. Kamba yake ikizunguka huioni, unasikia tu inavyochapa saruji ya uani, tap tap tap tap, na bibi yake anapiga kelele kutoka jikoni, "We mtoto, unatuchimbia kisima hapo?" Yanhong alikuwa akichoshwa na ule mlio. Anarudi kutoka kazini kichwa kinamgonga, anasema, "Ebu tupumzishe kidogo." Laiti angejua atakavyokuja kuutamani.

Vuli ile Tingyu alishikwa na mafua na koo likamuuma, kisha akapona. Haikupita muda, akiwa anamvua soksi, Yanhong akaona madoa. Yalikuwa mekundu yanayoelekea zambarau, yametapakaa kutoka vifundoni kupanda mapajani. Ukipapasa yameinuka kidogo, na ukibonyeza hayafutiki. Akasema ni viroboto. Kesho yake magoti yakavimba, na usiku ulipokucha mtoto alikuwa amejikunja kitandani, ameshika tumbo, hawezi hata kulia.

Hospitali ya wilaya walimkuta Daktari Kou, mwanamke mfupi mwenye maneno ya haraka.

"Hii ni purpura ya mzio," alisema. "Kinga ya mwili imepigana na yale mafua, halafu ikapitiliza, ikaishambulia mishipa midogo ya damu. Damu inavuja chini ya ngozi, ndiyo madoa haya. Madoa yataondoka. Yanaweza kurudi, yataondoka tena, yasikutoe roho. Tumbo litatulia. Magoti hayataacha kilema. Cha kuchunga ni figo."

"Figo?"

"Watoto wengi wanapona kabisa, mama Tingyu. Wachache figo zinaumia kimyakimya. Hawasikii maumivu, wanacheza kama kawaida. Huwezi kujua kwa macho. Kwa hiyo niletee mkojo wa kwanza wa asubuhi, kila wiki, baadaye kila mwezi, mwaka mzima na zaidi. Hata kama ngozi ni safi. Hasa kama ngozi ni safi. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Na chakula je? Ale nini, aache nini?"

"Kwa sasa uji, mpaka tumbo litulie. Baadaye umrudishie chakula kimoja kimoja, unaangalia. Kama hakimdhuru, aendelee kula. Mtoto anakua huyu."

Lakini kwao, mtu akiugua, swali la kwanza ni amekula nini, na la pili ni aache nini. Tangu enzi za mababu kuna vyakula vinavyosemwa kwamba vinaamsha ugonjwa uliolala: nyama ya kondoo, samaki, uduvi, majani ya vitunguu. Hilo halihitaji daktari. Bibi yake Tingyu alilijua, jirani alilijua, na pale wodini, kwenye kitanda cha pili, alikuwapo mwanamke aliyelijua kuliko wote. Watu walimwita Mama Zeyu. Mwanawe alikuwa akirudi hospitalini mwaka wa tatu sasa.

"Daktari amekwambia umrudishie chakula?" Mama Zeyu alicheka kwa pua. "Shoga yangu, daktari hana mtoto mwenye ugonjwa huu. Nisikilize mimi niliyeungua. Nyama hapana, mayai hapana, maziwa hapana, chochote kilichotoka majini hapana. Mwaka mzima. Doa moja likichomoza, mwaka unaanza upya."

"Unaanza upya?"

"Upya, kama hujawahi kuuanza. Mimi nimeshauanza mara nyingi, nimepoteza hesabu. Ila safari hii nafika. Lete simu yako nikuingize kwenye kundi letu."

Kundi lilikuwa la akina mama peke yao. Walitumiana picha za miguu ya watoto, wakaulizana, "Hili ni doa au mbu?" Mmoja anaandika mtoto wake ameonja biskuti, na wote wanamlilia kama wamefiwa. Yanhong alilala na kundi hilo na kuamka nalo. Daktari Kou alimwona dakika chache, akaitwa kwingine. Kundi halikuitwa kwingine hata siku moja.

Basi Tingyu akarudi nyumbani akaanza mwaka wake. Uji wa mtama, kabichi ya kuchemsha, viazi, mkate mweupe wa mvuke. Alikuwa na sufuria yake, ubao wake wa kukatia, vijiti vyake vya kulia. Kamba yake ilitundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Yanhong akitoka kazini alisugua mikono mpaka kwenye viwiko kabla hajamgusa, asimletee hata harufu ya yai. Lakini aproni aliisahau. Siku moja alimkuta mtoto nyuma ya mlango, amezika uso kwenye ile aproni.

"Unafanya nini humo?"

"Nanusa."

"Unanusa nini?"

"Yai, mama. Kunusa hakuvunji mwaka, au kunavunja?"

Yanhong akamnyang'anya ile aproni, akailoweka. Jioni ile akaliuliza kundi. Kundi likagawanyika.

Kila jioni alimsimamisha mtoto juu ya kitanda, akamulika miguu kwa tochi ya simu, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta sindano. Madoa yalikwisha, moyo wake ukaanza kutua. Kisha, majira ya baridi, Tingyu akarudi kutoka shule anakohoa kidogo, na siku chache baadaye yakachomoza machache kwenye kifundo.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu."

"Tingyu."

"Sijala kitu, mama."

"Basi yametoka wapi, yamekunyeshea? Nani kakupa? Yule Meng wa dawati lako? Bibi?"

"Mimi usinitie humo," bibi alisema kutoka jikoni. "Ninampikia kabichi mpaka nageuka kabichi."

"Nilikula peremende," Tingyu akasema mwishowe. Hakuwa amekula peremende. Alisema tu ili tochi izimwe. Yanhong akaenda kwenye kalenda ya ukutani, akakata alama nyekundu aliyokuwa ameiweka kwenye siku ya kumaliza, akafunua kurasa mbele, akaweka nyingine. Mtoto alisimama pale kitandani, suruali imekunjwa magotini, akizitazama kurasa zinavyofunuliwa.

Ikatokea tena majira ya kuchipua. Alama ikasogezwa tena. Safari hiyo Tingyu hakulia, na bibi yake, aliyekuwa akimenya viazi, aliacha kisu akamtazama.

Mkojo Yanhong aliupeleka, asije mtu akamsingizia. Mwanzoni ulikuwa safi. Kisha mwezi mmoja ukatoka na protini kidogo na damu kidogo. Daktari Kou akasema, "Usiogope, ila wiki ijayo uje na mwingine, na nikuone wewe na mtoto pamoja." Yanhong aliogopa mno. Akarudi nyumbani akasogeza alama, na safari hii akaondoa hata jibini ya soya, iliyokuwa imebaki kuwa ndiyo nyama ya Tingyu.

Wiki iliyofuata bibi alisema, "Kikombe niachie mimi, nitamkinga mtoto mwenyewe. Wewe wahi mkokoteni, wenzako wanakuchukulia wateja." Yanhong akashukuru. Akaupitisha mkojo hospitalini akitoka kuuza chapati. Ulikuwa safi. Hakuona haja ya kupanga foleni kumwona daktari kwa mkojo safi. Akaandika kwenye kundi, "Adui alikuwa jibini ya soya." Mama hamsini wakaondoa jibini ya soya kwenye sahani za watoto wao.

Na mwezi uliofuata safi, na uliofuata safi. Karatasi ilitoka kwenye mashine ya ukutani na Yanhong alijua mistari miwili tu ya kutazama, wa protini na wa damu. Chini kulikuwa na mshale mwingine unaoelekea juu, kwenye mstari wa sukari. Akauliza kundi. "Viazi vitamu hivyo," Mama Zeyu akajibu, "mpunguzie." Tingyu akapunguziwa viazi vitamu.

Kuna jambo lililokuwa likitendeka, ambalo Yanhong hakulijua wakati ule. Mwaka ule mtoto alikuwa amekonda, shingo imekuwa kama shina la kitunguu, lakini ngozi yake nyeupe, safi kabisa. Yanhong aliitazama ngozi ile kwa tochi, akaona mwaka wa kalenda unakaribia kwisha na Deshun anakaribia kurudi. Akaanza kuota. Aliota Tingyu anaketi mezani mkesha wa Mwaka Mpya anakula jiaozi, vile vifuko vya unga vyenye nyama, mpaka mafuta yanamtiririka kidevuni. Aliota uani kunachapwa kamba. Akimwaga uji wa unga kwenye bamba aliwaona wasichana wengine wanaruka ng'ambo ya uzio wa shule, na mkono ukasahau kazi, chapati ikaungua, mteja akasema, "Mama, hiyo ni ya kuuza au ya kuezekea?"

Mwezi wa kumi na mbili alimpeleka mtoto kwa Daktari Kou. Hakwenda kutibiwa. Alama ilikuwa bado mbele, lakini mikojo ilikuwa safi, na alikwenda kusikia kwa kinywa cha daktari kwamba mwaka unaweza kuishia hapo.

Daktari Kou alizipitia karatasi moja baada ya nyingine. Uso wake haukufurahi.

"Hii sukari imeanza lini?"

"Ni viazi vitamu, daktari. Nimeshampunguzia."

Daktari alimtazama kidogo, akavuta kidole cha Tingyu, akakitoboa kwa kisindano, akapima. "Sukari ya damu yake ni sawa kabisa." Akainama, akamtazama mtoto usoni, chini ya macho, ambapo asubuhi palikuwa pakivimba kidogo na Yanhong alidhani ni usingizi. Akabonyeza muundi kwa kidole gumba, akakiondoa. Kikabaki kishimo.

"Tingyu," alisema taratibu. "Mkojo huu ni wa nani?"

"Wangu," Tingyu aliviambia viatu vyake.

"Haya. Nesi atakusindikiza chooni, utoe mwingine sasa hivi."

Walingoja. Nesi alirudi ameshika kikombe kwa mbali, na juu ya mkojo kulikuwa na povu lililogoma kufa. Majibu yalipotoka, Yanhong hakuhitaji kusomewa. Ile mistari yake miwili ilikuwa imejaa alama za kujumlisha.

"Kwa muda gani?" aliuliza.

"Mimi nikuulize wewe," alisema Daktari Kou, kisha akaona uso wa yule mama, akammiminia kikombe cha maji ya moto anywe.

Njiani kurudi nyumbani Tingyu alitembea nyuma ya Yanhong kidogo. Bibi alikuwa uani anaanika kabichi. Aliona nyuso zao, akaweka chini kabichi.

"Mama," Yanhong alisema, "ulikuwa unatia mkojo wako kwenye kikombe cha mtoto?"

"Ngozi yake ilikuwa safi."

"Ulikuwa unatia, hukuwa unatia?"

"Nilitia. Aliniomba." Bibi alijifuta mikono kwenye nguo. "Aliniuliza, 'Bibi, nikiwa mzee kama wewe nitakuwa nimemaliza?' Nikamuuliza, 'Umalize nini?' Akasema, 'Mwaka.' Ungefanyaje, mtoto anakuuliza hivyo? Mimi nikaona ngozi safi, ana miguu mizuri kama ya mtoto mchanga, kuna nini tena cha kutafuta kwenye mkojo? Na mkojo wangu ni mzuri. Sijaugua tangu nizaliwe."

"Una kisukari, mama."

"Nani?"

"Wewe. Umejaa sukari. Daktari anakutaka kesho."

Siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini.

Yanhong akageuka kwa mtoto. Alikuwa ameandaa maneno makali, yote yalikuwa tayari kooni. "Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi si mama yako?"

"Ungeanza upya," Tingyu alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema kwamba baridi ni kali. Yanhong aliketi kwenye ukingo wa chombo cha kabichi. Mbele yake, karibu na mlango, ilining'inia kamba, imeshika vumbi.

Hospitali ya wilaya ikawapeleka Jinan, kwenye hospitali kubwa. Huko walimwingizia Tingyu sindano mgongoni, wakachukua kipande kidogo cha figo, kidogo kuliko punje ya mchele, wakakitazama. Daktari wa huko alikuwa kijana mwenye miwani, mpole, anayechora akiongea.

"Figo imeumia, haijafa," alisema. "Mngekuja mapema ingekuwa vizuri zaidi. Mngechelewa zaidi, ningekuwa nawaambia mengine. Tutampa dawa ya kutuliza kinga ya mwili, na nyingine ya kuzuia protini isivuje. Miezi mingi. Pengine itatulia isirudi. Pengine itatulia halafu iamke akipata mafua. Siwezi kukuahidi, mama. Ninachokuomba ni kwamba mkojo wake na shinikizo la damu vipimwe miaka yote, hata akiwa mtu mzima na hakumbuki kwa nini. Na siku akishika mimba awaambie madaktari mapema."

Mwingine angesikia maneno ya kutisha tu. Yanhong alisikia "akishika mimba," akaling'ang'ania hilo. Daktari yule alikuwa anamwona Tingyu mkubwa, mwenye nyumba yake.

"Na yai?" sauti ikatoka kitandani.

Daktari aligeuka. "Yai lina kosa gani?"

"Halimwamshii ugonjwa?" Yanhong aliuliza.

"Limewahi kumdhuru?"

Yanhong akafikiri. Akafikiri tena. Kabla ya ugonjwa Tingyu alikula yai kila asubuhi ya maisha yake. "Hapana."

"Basi mpe. Ugonjwa wake huanzia kwenye mafua na makoo zaidi kuliko kwenye sahani. Chumvi ndiyo mpunguze, kwa ajili ya figo, na nyama kwa kiasi. Akiumwa koo akwambie siku hiyohiyo."

Waliporudi mjini, Yanhong alingoja foleni ya watoto ikaisha, akamketisha Tingyu kwenye kigoda karibu na mkokoteni. Akamwaga uji, akatandaza, akapasua yai. Sosi hakuweka, kwa sababu ya chumvi. Alikunja akampa. Tingyu alishika ile chapati kwa mikono miwili, akaivuta harufu kwanza muda mrefu, kisha akang'ata.

"Vipi?"

Mtoto alitafuna. Alionekana kama anatafuta kitu mdomoni. "Nzuri," alisema. "Ila ile niliyokuwa naiota ilikuwa na sosi."

Akala yote hata hivyo, na Yanhong akageuka kufuta bamba lililokuwa limeshafutwa.

Kwenye kundi aliandika, "Mpime mkojo, na uone kwa macho yako mtoto anavyoutoa. Ngozi inadanganya. Na msiwatishe mpaka wakawaficha." Mama Zeyu akajibu, "Kila mtu na mtoto wake." Wengine wakatuma picha za miguu. Lakini jioni simu ililia peke yake, ilikuwa Mama Zeyu, nje ya kundi: "Ule mkojo wa mwanao ulikuwa na povu?" Yanhong akamweleza kila kitu alichokijua, mpaka chakula kikapoa.

Ile dawa ilimfanya Tingyu ashikwe na njaa ya kutisha, na uso ukamvimba, ukawa mviringo kama mwezi mpevu. Deshun alipofika, siku chache kabla ya Mwaka Mpya, na mzigo wake begani na midomo imepasuka kwa safari, alisimama mlangoni akamtazama.

"Huyu nani huyu?" alisema akijaribu utani. "Mmenibadilishia mtoto?"

"Ni dawa, baba. Uso utapungua."

"Mbona unapendeza. Kama binti wa tajiri." Kisha akasema anakwenda kuvuta sigara, akakaa uani muda mrefu, na Yanhong alipomchungulia hakuwa na sigara mkononi.

Zawadi aliyoleta ilikuwa kamba ya kurukia, yenye mishikio inayowaka taa. Mwaka Mpya uliopita kazi haikumwachia kurudi, ila alikuwa ameambiwa kwa simu kila kitu. Ni kwamba kule kusini, juu ya nondo, mtoto aliyekuwa naye kichwani ni yule anayeruka. Tingyu aliwasha taa, akazima, akawasha. "Ni nzuri," alisema. Akaitundika mwenyewe kwenye ule msumari, juu ya ile ya zamani.

Mkesha walikunja jiaozi wote wanne, za mayai na kabichi kwa Tingyu, chumvi ya kuhesabu, na bibi naye akala za kwake bila sukari wala raha, akinung'unika kwamba nyumba hii sasa ni wodi. Fataki zilipasuka mji mzima. Dawa zilifichwa kwenye droo, kwa sababu siku ya kwanza ya mwaka kwao hutaji ugonjwa, huonyeshi dawa, na hospitali huikaribii hata kwa kupita mbele yake. Ukiuanza mwaka na ugonjwa mdomoni, utaumaliza nao. Hilo Yanhong alilinyonya kwa mama yake. Jioni ile Tingyu alikuwa amekohoa mara mbili na kusema koo linamkwaruza. Alisema mwenyewe. Yanhong akampa maji ya moto, akaomba kimoyomoyo iwe moshi wa fataki.

Asubuhi kulikuwa kimya, theluji nyembamba imeshuka, vipande vyekundu vya karatasi za fataki vimezagaa juu yake. Bibi alikuwa amevaa nguo mpya, anangoja kusalimiwa. Deshun alikuwa anapanga bahasha nyekundu. Tingyu akatoka chooni amevaa koti jipya juu ya nguo za kulalia, ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Mama," alisema. "Mkojo una rangi ya chai."

Neno lilikuwa limeshatamkwa, asubuhi hiyo ya kwanza, katikati ya chumba. Mtoto aliwatazama mmoja mmoja, na Yanhong alimwona anavyoanza kurudi nyuma, kidogo tu, kuelekea chooni.

"Lete," Yanhong alisema.

Akakipokea. Kilikuwa cha moto bado, moto wa mwili wa mtoto, ukipita kwenye plastiki mpaka viganjani. Ni rangi ya chai kweli, chai iliyokaa.

"Leo?" Deshun alisema kwa sauti ya chini. "Siku ya kwanza?"

"Leo."

"Hata kesho asubuhi mapema..."

"Unamsikia mkeo?" bibi alisema. Alikuwa ameshaanza kuvaa viatu. "Mvalishe mtoto soksi nzito. Mimi nimeshaharibu miezi, sitaki kuharibu na siku."

Walitoka wote wanne. Jirani yao, mzee Tao, alikuwa mlangoni kwake akisukuma theluji pembeni bila kugusa karatasi za fataki, maana siku hiyo hazifagiliwi, zisiondoke na bahati. Akawainulia mikono. "Heri ya mwaka mpya. Mnakwenda kuamkia jamaa?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo.

"Tunakwenda hospitali," Yanhong alisema.

Mzee Tao alishusha mikono. Alirudi hatua moja ndani ya lango lake, kama mtu anayepisha jeneza, na hawakumlaumu.

Deshun alimbeba mtoto mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa kwa kubebwa. Yanhong alitembea kando yao, kikombe amekificha kifuani ndani ya koti, kisipoe. Kutoka uani kwa watu, nyuma ya ukuta fulani, kulisikika kamba mpya ya mtoto fulani ikichapa ardhi, tap tap tap tap. Tingyu aliinua kichwa kutoka begani kwa baba yake, akaisikiliza mpaka walipoipita.

"Mama," alisema. "Ndiyo mwaka unaanza upya?"

"Hapana," Yanhong alisema. "Unaendelea palepale ulipofika."

"Nikipona nitaruka?"

"Sijui, mwanangu. Tutamuuliza daktari."

Tingyu alitikisa kichwa kukubali, akalaza tena shavu lake la mviringo begani kwa baba. Yanhong akausikiliza ule mlio nyuma yao, mpaka kona ilipoukata. Kikombe kilikuwa bado kina moto. Akaongeza mwendo.